Wimbo wa Mlango wa Nne

Saa kumi kasoro dakika tano alasiri, Inspekta alivipanga vitufe vitatu vya kengele juu ya meza ya kukatia vitambaa, akavifungua kimoja kimoja kwa ncha ya mkasi. Betri zake, nyembamba na za duara, alizitia kwenye bahasha, akaifunga, akaisaini mdomoni, kisha akaikalia. Alikuwa amestaafu polisi miaka mitatu iliyopita, lakini mikono yake ilikuwa haijapata barua ya kustaafu.

Kitufe cha kwanza kilitoka mlango wa mbele, unaotazama barabara. Cha pili kilitoka mlango wa jikoni, unaotokea uani. Cha tatu kilitoka mlango wa pembeni, ambao wateja wa Bi Cherehani waliupitia na nguo zao ili wasikatize sebuleni. Kengele yenyewe, kisanduku cheupe kisichozidi kiganja, ilichomekwa kwenye soketi ya korido na haikuwa na waya hata mmoja wa kuiunganisha na mlango wowote. Vitufe vyote vikiwa havina betri, haikuwa na haki ya kulia.

Bi Cherehani alikuwa anashona kana kwamba yuko peke yake. Jua lilipita kwenye pazia jembamba na kujimwaga sakafuni, vumbi la vitambaa likielea ndani yake polepole, na gurudumu la cherehani lilizunguka kwa sauti ileile moja, hata Inspekta akajikuta kope zinamwelemea. Mwezi mmoja na nusu sasa mwanamke huyu alikuwa anawafungulia watu wasiokuwepo. Watoto wake walikuwa wakutane Ijumaa saa kumi na moja kuamua kama atahamishwa, na waliokwisha kuamua walikuwa wengi kuliko ambao bado. Binti wa mwisho ndiye aliyempigia Inspekta simu. Alisema yeye mwenyewe aliusikia mlio huo siku moja akiongea na mama kwenye simu, ndugu zake wakamwambia hiyo ilikuwa televisheni. Mama hana televisheni.

Saa kumi na dakika mbili, taa ndogo ya buluu iliwaka kwenye korido.

Ulikuwa wimbo wa taratibu, sauti saba tu, kisha ukakatika kabla ya kufika mwisho, kama mtu anayeimba akiwa mbioni kusinzia. Inspekta alisimama kwa kasi ambayo goti lake halikuidhinisha. Mlango wa pembeni, hakuna mtu. Wa mbele, hakuna mtu, barabara nyeupe na paka mmoja kivulini. Alipofika jikoni alimkuta Bi Cherehani ameshafungua, amesimama kizingitini, mkono mmoja kwenye fremu, anatazama uani palipokuwa na kamba ya nguo na ukuta.

"Hakuna mtu," alisema Bi Cherehani, bila mshangao. Kisha akafunga mlango kwa upole na kurudi kwenye cherehani yake.

Bahasha ilikuwa bado imefungwa. Inspekta aliandika kwenye daftari saa, idadi ya sauti, na neno moja: *kweli*. Hadi hapo kesi ilikuwa imekwisha nusu, maana alichokuwa amehofia ni kutosikia kitu.

Maswali aliyauliza kwa utaratibu wake wa zamani, madogo kwanza. Kila mlango una mlio wake? Una mlio wake. Wa mbele ni ile ding-dong ya kawaida, wa jikoni ni ndege, wa pembeni ni kinanda kifupi. Na huu? Bi Cherehani aliutazama mkoba wa Inspekta, ambao mkanda wake ulikuwa umeanza kuachia, na badala ya kujibu akaomba auone. Alisema hajawahi kuruhusu kitu kilichochanika kitoke kwenye nyumba hii, na hakukusudia kuanza leo. Aliushona kwa mkono, mishono midogo ya kurudi nyuma, akamalizia kwa mafundo matatu na kuukata uzi kwa meno. Uzi ulikuwa wa buluu na mkoba ni mweusi.

"Vya wateja nafuata rangi, mwanangu," alieleza. "Vyangu nashonea buluu, nijue vimeshapita mkononi mwangu."

"Na huu mlio, mama?"

"Unalia siku zote isipokuwa Jumapili. Na ukilia, utalia tena jua likishuka."

Alikuwa anaficha kitu, na hakuwa hodari wa kuficha. Inspekta alisubiri. Saa kumi na moja na nusu taa ya buluu iliwaka tena, sauti saba, kimya. Safari hii Bi Cherehani hakwenda mlangoni. Aliinamisha kichwa tu, kama anayeitikia mtu anayeaga.

*

Asubuhi ya Alhamisi Inspekta alianza na mtu aliyemshuku. Kaka mkubwa, mzaliwa wa kwanza, alikuwa msimamizi wa mitambo ya kusukuma maji nje kabisa ya mji, na ndiye aliyeshika bendera ya kumhamisha mama. Ni yeye pia aliyetoa betri zote tatu Jumapili moja jioni, kisha kesho yake mama alipompigia kusema imelia, akazirudisha na kutangaza kwamba jambo limethibitika: mama anasikia visivyokuwepo. Mtu anayetaka nyumba iwe tupu angeweza kuficha kitufe mfukoni.

Lakini daftari la mahudhurio la mitambo lilimweka kazini kila siku ya wiki hadi saa kumi na moja, kwa sahihi yake na ya mlinzi. Hata hivyo Inspekta alimuuliza waziwazi, na kaka mkubwa hakukasirika. Alitoa chini ya meza boksi jipya la kengele, ya kitufe kimoja na mlio mmoja. Alikuwa ameinunua ili mama abaki na mlango mmoja tu wa kuhangaika nao. Mingine miwili angeifunga kwa misumari. Mama alikataa hata kuligusa boksi.

"Wiki iliyopita alikwenda kumfungulia huyo mtu wake akaacha pasi juu ya nguo ya mteja," alisema. "Safari hii ni nguo. Siku nyingine je? Mimi silali, Inspekta."

Macho yake yalikuwa mekundu kweli. Inspekta alimfuta kwenye orodha. Alimwonea huruma pia, ingawa alibaki na maoni yake kuhusu misumari.

Duka la vifaa vya umeme ambako kengele ya zamani ilinunuliwa lilikuwa chumba kirefu chembamba chenye taa mia zinazowaka mchana kweupe, na mwenye duka, ambaye mtaa mzima ulimwita Swichi, alikuwa nyuma kabisa, akionekana kama mtu wa ndani ya kioo. Inspekta alipotaja kengele na marehemu mume wa Bi Cherehani, mzee mpole mwenye koti la kijivu, Swichi aliacha alichokuwa anafanya.

Alimkumbuka vizuri, alisema, kwa sababu hajapata mteja wa vile. Watu huingia, huuliza ipi ni nzuri, huondoka nayo. Yule mzee alikuja siku mbili. Siku ya kwanza alikuja na mchoro wa nyumba, milango yote mitatu imewekewa alama na unene wa kila ukuta umeandikwa kwa penseli. Aliuliza ishara inafika mita ngapi uwanjani, na ngapi ikipita kuta mbili. Aliuliza kitufe cha nje kikinyeshewa itakuwaje. Akataka kengele yenye taa, maana mke wake akiwa kwenye cherehani haisikii dunia. Siku ya pili aliketi kwenye stuli ile pale na kusikiliza milio yote hamsini na miwili.

"Yote?" Inspekta aliuliza.

"Yote. Ya milango aliichagua haraka. Uliomshinda ni ule mmoja wa mwisho. Alisema anatafuta mlio usiomshtua mtu mwenye sindano mkononi, asije akajishona kidole."

Inspekta aliweka kalamu chini. "Nyumba ina milango mitatu."

"Naijua, niliuona mchoro. Lakini alichukua vitufe vinne." Swichi aliviinua vidole vinne kuthibitisha. Kila kitufe, alieleza, unakitambulisha kwa kengele yake mara moja tu, nayo haikisahau tena; cha nne alikitambulisha hapohapo kaunta, akakifuta kwa leso na kukitia kwenye mfuko wa koti.

Betri yake inakaa muda gani? Mwaka, hata mwaka na nusu, kama hakibonyezwi ovyo. Na mzee alinunua lini? Swichi alihesabu: miezi kumi na mmoja. Inspekta aliazima kitufe kimoja cha aina ileile, akatoka nje kwenye jua halisi, ambalo baada ya taa zile mia lilionekana hafifu.

*

Ijumaa saa saba mchana Inspekta alimwinulia Bi Cherehani vidole vinne, kama Swichi alivyovionyesha. Binti wa mwisho alikuwa ameketi pembeni yake. Cherehani ilikuwa kimya, na ukimya wake ulijaza chumba.

"Cha nne kiko wapi, mama?"

Bi Cherehani aliutazama mkono huo, akalaza kitambaa magotini. Kisha alieleza, kwa sauti ya chini na bila kulia, na Inspekta hakumkatiza. Miezi ya mwisho mume wake alishindwa kuinuka. Alikuwa anakaa kwenye kiti chake cha kahawia, barazani upande wa jikoni, kitufe kikiwa mfukoni. Saa kumi alikibonyeza. Hakutaka chai wala dawa, alitaka tu mke wake aache kushona aje wakae. Jua likishuka alikibonyeza tena hata kama mke wake yuko pembeni yake, kwa utani, kumuaga. Jumapili watoto wakiwa wamejaa nyumbani hakukigusa, kwa hiyo enzi zake hakuna hata mmoja aliyewahi kuusikia wimbo ule.

"Siku ile aliniita kama kawaida," alisema. "Nilikuwa na mkono wa gauni, umebaki mshono mmoja. Nikasema nakuja. Nikamaliza mshono kwanza." Alinyoosha kitambaa kilichokuwa tayari kimenyooka. "Nilipofika alikuwa ameshaondoka."

Binti alimshika mkono. Bi Cherehani aliendelea kwamba walimzika na koti lile la kijivu, na kitufe kilikuwa mfukoni. Angemwambia nani kwamba kengele inapigwa kutoka kaburini? Wangemhamisha siku hiyohiyo. Kwa hiyo alifungua mlango, na akanyamaza. Alijua hakuna mtu. Lakini aliitwa mara moja akachelewa, na hakutaka kuchelewa tena.

Inspekta alivuta pumzi. Kwenye kazi hii huruma ina zamu yake, na zamu yake ilikuwa bado.

"Mfukoni ulikiona, mama? Ulikishika?"

"Nilijua kimo."

"Kwa macho?"

"Sikuthubutu kuingiza mkono," alisema Bi Cherehani.

"Makaburi yako kilomita sita. Swichi anasema kitufe hiki kikipita kuta mbili hakivuki mita sitini. Anayebonyeza yuko jirani, na yuko hai."

Walifanya kipimo. Kitufe cha kuazima kilitambulishwa kwa kengele, binti akasimama kwenye korido na simu sikioni, na Inspekta akatembea mtaani akibonyeza kila hatua kumi na kuuliza kama imelia. Watu walimtazama kama wanavyomtazama mtu anayeongea na kiganja chake. Upande wa mbele ishara ilikufa kwa kinyozi. Pembeni ilikufa mapema zaidi, kwenye ukuta wa zege wa ghala la magodoro. Nyuma, kwenye kichochoro kinachopakana na ua, ilifika nyumba tano na kuzimika. Saa tisa alasiri alikuwa na mchoro wenye duara lililobonyea, na maswali mawili ya mwisho. Baada ya mazishi mama aligawa nini? Na nani kati ya hizo nyumba tano alipata?

Viatu vilikwenda mbali, kwa mpwa. Redio pia. Kiti cha kahawia, ambacho tangu mazishi hakuna aliyethubutu kukikalia, alimpa Fundi Saa, rafiki wa marehemu, nyumba ya pili ya kichochoroni. Alimpa Jumatatu.

"Na kengele ilianza kulia?"

Bi Cherehani alihesabu siku kwa vidole. "Jumanne," alisema.

*

Fundi Saa alikuwa mtu mkubwa mwenye vidole vyembamba, na hufunga kibanda chake saa tisa na nusu kwa sababu baada ya hapo macho hayaoni tena meno ya magurudumu. Jumapili huenda kwa dada yake. Inspekta alimkuta uani kwake ananawa, akajitambulisha, akaomba kitu kimoja tu: afanye anachofanya kila siku.

Fundi Saa alidhani ni mzaha, lakini alitii. Alikausha mikono, akaenda kwenye kiti cha kahawia kilichokuwa chini ya paa la uani, akageuka, akaegemeza kiganja cha kulia kwenye mkono wa kiti ili kulipunguzia uzito goti lake bovu, akakaa. Juu ya ukuta, kutoka nyumba ya Bi Cherehani, ukasikika wimbo wa taratibu, kwa mbali sana.

"Hiyo," alisema Fundi Saa kwa kuridhika, akainua saa yake ya mkononi. "Shemeji ana saa moja nzuri ya ukutani. Kila nikikaa saa kumi, nayo inapiga saa kumi, nikiegemea kuinuka jua likishuka inapiga tena, haijapotea hata siku moja. Siku hizi saa za wateja nazirekebisha kwa kuifuata hiyo."

Inspekta aliamua kwamba hilo angemweleza siku nyingine, akiwa na nafasi.

Alipiga magoti kando ya kiti. Kwenye mkono wa kulia, pale kiganja hupumzika, kitambaa kiliwahi kuchanika na kikashonwa: mishono midogo ya kurudi nyuma, mafundo matatu mwishoni, uzi wa buluu. Aliuweka mkanda wa mkoba wake kando yake. Chini ya kidole palikuwa na kitu kigumu, cha duara. Fundi Saa alisema aliwahi kukihisi akadhani ni msumari; kiti cha zawadi hukikagui.

Saa kumi na moja kasoro robo, watoto walikuwa wameshaanza kuingia nyumba ya Bi Cherehani kwa mlango wa mbele, kaka mkubwa akiwa ameomba ruhusa ya kutoka kazini mapema. Inspekta alipiga simu kwa binti wa mwisho na kumwambia wote wakae sebuleni, mama akae katikati yao, na mtu asiguse kitu. Kisha akabonyeza mkono wa kiti. Akahesabu sauti saba kwenye simu. Alibonyeza tena.

"Wote wamesikia," alisema binti. "Kaka mkubwa amesimama. Hajui aende mlango upi."

"Mwambie mama kitufe kiko ndani ya kiti, chini ya mshono wake, na aje. Peke yake."

Bi Cherehani alikuja kwa mlango wa jikoni, akapita kichochoroni na wembe wa kufumulia mkononi, maana binti alikuwa amemweleza. Alimsalimu shemeji yake. Mbele ya kiti alisimama akautazama mshono wake mwenyewe. Sasa alikumbuka, alisema: jioni ya Jumapili, kesho kiti kinaondoka, na mkono umechanika. Hakuvaa miwani, kwa sababu alikuwa analia na miwani ilijaa maji. Hakupekua ndani. Alishona tu.

"Kilimtoka mkononi," alisema. "Kikaingia kwenye mpasuko. Nikakifungia mimi."

Wembe ulikuwa tayari kwenye uzi. Lakini hakukata. Alimwomba Fundi Saa ainuke, na mtu mkubwa yule akainuka bila kuegemea popote. Tangu kiti kinunuliwe Bi Cherehani hakuwahi kukikalia. Daima alikaa kwenye kigoda pembeni yake. Alikaa sasa. Miguu yake haikufika chini vizuri. Aliulaza mkono wake wa kulia pale palipokuwa na mshono, akabonyeza.

Ng'ambo ya ukuta wimbo ulianza, mdogo, wa mbali, ukakatika kabla ya mwisho. Hivi ndivyo mume wake alivyousikia kila siku: unabonyeza, kisha huna la kufanya ila kungoja. Bi Cherehani alingoja. Jua lilikuwa limefika kwenye nguo za kamba ya Fundi Saa. Inspekta, aliyezoea kupima kila kitu, alisahau kutazama saa.

Mlango wa jikoni uligonga ukuta. Nyayo nzito zilikuja mbio kichochoroni, na kaka mkubwa akatokea uani, anahema, shati limetoka kwenye suruali, boksi la kengele mpya bado liko kwapani. Hakuna aliyemwambia aje.

"Nimekuja, mama," alisema. "Umeniita?"

Bi Cherehani alimtazama, na machozi ambayo hayakutoka mchana yalitoka sasa, bila haraka. Alimwonyesha pa kukaa, kwenye sakafu, kando ya kiti. Mtu mzima yule, msimamizi wa mitambo, akakaa chini na kuegemeza kichwa kwenye mkono wa kiti ule mwingine.

"Kitu chako hicho kirudishe dukani," mama alimwambia baada ya muda, akilisukuma boksi kwa ncha ya kiatu. "Kina kitufe kimoja. Kwangu tunatumia vinne."